Waliovishwa Beji Wakapotea: Kisa cha Klabu Moja ya Huduma Mwanza

Klabu ninayoizungumzia ni ya mtindo wa Rotary na Lions, yaani watu wa kazi mbalimbali wanaokutana na kujitolea kuhudumia jamii. Jina lake naliacha, maana viongozi wake walikubali nieleze kisa chao kwa sharti hilo. Kwa miaka mingi ilikutana kila Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye hoteli moja upande wa Capri Point. Kengele inapigwa, wimbo wa taifa unaimbwa, wageni wanatambulishwa, chakula, mzungumzaji wa siku, matangazo ya katibu, kengele tena, na saa mbili na nusu watu wanaagana. Mwaka wa klabu huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Katika mwaka mmoja wa namna hiyo iliingiza wanachama wapya 22, na rais wa mwaka ule akapewa cheti na wakubwa wake. Mwaka mmoja na nusu baadaye, katika wale 22 walikuwa wamebaki sita.

Niliombwa kulitazama jambo hili kwa sababu nimestaafu kazi ya afisa maendeleo ya jamii, na maishani mwangu nimeona vikundi vingi vikizaliwa na vingi vikifa. Sikuwa mwanachama, wala si mwanachama leo. Nilikabidhiwa daftari la mahudhurio, hesabu za mweka hazina na orodha ya namba za simu.

Walivyoingia

Rais yule, mtu wa benki, alikuwa mchapakazi, na hilo nalisema mapema ili asije akaonekana ndiye mkosaji. Alikuwa ameletewa lengo kutoka juu, akalitimiza. Alianza na wenzake wa mabenki na ofisi za mjini, akapata tisa. Akaingia kwa wafanyabiashara: wa nondo na saruji wa Mabatini, wa dagaa na samaki wakavu wa Mwaloni Kirumba, wakapatikana wanane. Watano waliosalia walikuwa vijana waliomaliza chuo karibuni. Walivishwa beji kwa mafungu, picha zikapigwa, makofi yakapigwa.

Aliyewahi kufanya kazi halmashauri ataijua sura hii. Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ikitangazwa tu, kila mtaa una kikundi kipya chenye katiba, mhuri na mwenyekiti. Fedha ikishatoka, vingine havikutani tena, kwa sababu tangu mwanzo viliundwa ili fomu ijazwe. Watu 22 wa klabu yetu nao, kwa sehemu kubwa, waliletwa ili namba itimie. Fomu zao zilijazwa vizuri sana.

Kamati ilivyojieleza

Nilipokaa na kamati nilipewa sababu tatu. Ada ni kubwa. Watu wanahamishwa kikazi. Na ya tatu, iliyosemwa kwa sauti ya chini lakini na wengi: watu wetu hawana utamaduni wa kujitolea.

Ya uhamisho ni kweli kidogo. Katika 16 waliopotea, watatu walihamishwa. Hata hapo, mmoja wao alihamishiwa Sengerema tu, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kukesha ukisubiri kivuko. Wawili wengine walikwenda miji ambayo ina klabu za mtandao huohuo; barua moja ya utambulisho ingetosha, na hakuna aliyeiandika.

Ya ada inahitaji kutazamwa kwa utulivu zaidi. Mwenye duka la nondo aliyeacha klabu kwa sababu ya ada, kama kamati ilivyodai, mwezi huohuo alikuwa kwenye kamati mbili za harusi, na anayejua michango ya harusi Mwanza hahitaji kuelezwa. Mama wa dagaa aliyeacha naye yuko kwenye VICOBA viwili, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, kila wiki ananunua hisa, anachangia mfuko wa jamii, na akichelewa analipa faini bila kununa. Fedha wanatoa. Tatizo lilikuwa namna ilivyodaiwa. Sehemu ya ada inayokwenda makao makuu hupangwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikiteleza ada inapanda bila mtu kuipandisha. Tena ilitakiwa yote kwa mkupuo mwezi Julai, mwezi ambao shule binafsi zinafungua muhula wa pili na mzazi ana karo mezani. Kwa mtu wa Mwaloni kuna jambo jingine: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu. Wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua, na mfuko wa mfanyabiashara unafuata giza na mwanga wa mwezi, siyo kalenda ya mweka hazina. VICOBA wanalielewa hili, ndiyo maana wanakusanya kidogokidogo.

Juu ya ada kulikuwa na sahani. Kila Alhamisi ulilipia chakula cha hoteli, ule usile. Ukiongeza bajaji ya kurudi Buhongwa au Kisesa saa tatu usiku, unaona kwamba kilichowachosha vijana watano kilikuwa sahani na usafiri kuliko ada yenyewe. Mweka hazina hakuwa na hesabu hiyo kwenye karatasi zake, kwa kuwa haikuwa fedha ya klabu.

Sasa ile ya utamaduni. Nakiri kwamba iliniudhi. Hapa ni Usukumani. Zamani vijana wa kijiji walilima mashamba kwa zamu wakiongozwa na nsumba ntale wao, kiongozi wa vijana, na aliyetegea hakuachwa hivihivi. Sungusungu, walinzi wa jadi wa miaka ya 1980, walilinda ng'ombe na nyumba bila mshahara wa mtu. Siku hizi nenda msiba wowote Igoma uone turubai linavyosimama kabla ya saa mbili asubuhi, masufuria yanavyotoka nyumba kwa nyumba, na daftari la rambirambi linavyoandikwa jina kwa jina, kisha likasomwa kwa sauti. Kuna jumuiya ndogondogo, kuna kwaya, kuna vikundi vya kufa na kuzikana ambavyo vimedumu kuliko kampuni nyingi za mjini. Nilipolinganisha tarehe na kupiga simu, Alhamisi moja ambayo wanne kati ya wapya hawakuhudhuria, wawili walikuwa wamekesha msibani. Watu wanaojitolea mpaka wanakosa kikao cha kujitolea huwezi kuwaambia hawana utamaduni huo.

Daftari lilivyosema

Katika daftari la mahudhurio kulikuwa na safu ya "udhuru". Kwa wanachama wa zamani ilikuwa imejazwa: safari, ugonjwa, msiba. Kwa wale wapya ilikuwa tupu karibu kurasa zote. Mtu anahudhuria mara nne, tano, anakosa mara moja, anarudi, anakosa mbili, kisha jina lake linaendelea kuandikwa na katibu kwa mwandiko mzuri, na mbele yake hamna tiki wala neno. Miezi inapita hivyo. Mwisho linafutwa.

Waliopotea kimya walikuwa 11 (watatu walihamishwa, wawili waliandika barua za kujiuzulu). Niliwafikia wengi wao. Nilimuuliza kila mmoja swali moja: ulipoacha kwenda, nani alikuja kukuuliza? Jibu lilikuwa hilohilo. Kulikuwa na kundi la WhatsApp, na kila Jumatano katibu alituma tangazo la kikao kwa watu wote. Nyumbani au dukani hakuja mtu.

Mama wa dagaa nilimkuta Mwaloni katikati ya magunia, akaniwekea kigoda. Nikamwambia, "Mama, shikamoo ya kazi, nimetumwa na watu wa beji." Akacheka. "Mzee wangu, marahaba. Mimi pale nilikuwa mgeni wa kulipa. Nilivishwa beji, nikapigiwa makofi, nikaonyeshwa kiti. Mazungumzo Kiingereza, mimi natazama midomo. Nikasema labda wataniita siku ya kazi. Wakaniita siku ya mchango."

"Na ulipoacha?"

"Niliacha kama majaribio, niwaone. Kikundi chetu cha hapa ukikosa mara mbili wanakuja watu wawili mlangoni, na faini juu. Wale mpaka leo bado natumiwa matangazo."

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki, kwa maoni yangu. Klabu za namna hii zamani zilikuwa kali sana kuhusu mahudhurio. Katika Rotary, kukosa vikao vinne mfululizo bila udhuru kulitosha kukutoa. Mwaka 2016 baraza lao la sheria lililegeza mambo: klabu ziliruhusiwa kukutana hata mara mbili kwa mwezi na kujipangia taratibu zake za mahudhurio. Ulegezaji huo ulikuwa na akili, kwani maisha yamebadilika. Klabu yetu nayo ikalegeza, ila pamoja na adhabu ikaondoa na swali. Zamani katibu alilazimika kumtafuta mtu ili ajue amwandike udhuru au amhesabie kosa. Kwa kutokuwepo kosa, hapakuwa na sababu ya kumtafuta. Wakaita ni ustaarabu, kutomsumbua mtu mzima. Huyo mtu mzima, mwenzangu, alielewa kwamba hayupo na hakuna kilichokwama.

Sita waliobaki

Nilitaka kujua wana nini. Hawakuwa matajiri zaidi: wawili walikuwa wale vijana wa chuo wasio na ajira ya kudumu. Hawakuwa wanakaa karibu na hoteli. Kiingereza, mmoja wao hajui kabisa. Kilichowaunganisha ni kwamba wote sita walikuwa kwenye kazi ya tangi la maji.

Tangi hilo lilijengwa katika shule ya msingi iliyo juu ya mlima, kwenye mojawapo ya vile vilima vya mawe ambavyo nyumba zimebanana hadi kileleni. Maji ya bomba huko hupanda kwa shida, na watoto walikuwa wakiteremka na ndoo. Klabu ikaamua kuvuna maji ya mvua kutoka bati za madarasa: mifereji, tangi, mabomba ya kunawia mikono. Gari linafika nusu ya mlima tu. Kutoka hapo saruji na kokoto vinabebwa begani kwenye ngazi za mawe. Muuguzi mmoja katika wale wapya alishika somo la usafi na kichocho. Watoto wa mwambao huu wanaoga na kuchota kwenye maji yenye konokono wanaoeneza ugonjwa huo. Kijana mmoja alitunza hesabu za vifaa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitoa kirikuu chake, gari dogo la mizigo, kila Jumamosi.

Mtu makini atauliza: je, tangi liliwashika, au waliokuwa na moyo ndio waliolikimbilia tangi? Ni swali la haki. Kwa wanne siwezi kulijibu. Lakini mwenye kirikuu na kijana wa hesabu hawakujitolea. Mwenye kirikuu alipigiwa simu kwa sababu kirikuu cha kukodi kiliharibika. Kijana alitajwa kikaoni akiwa hayupo, kwa masihara, kwamba kwa kuwa amesoma uhasibu basi daftari ni lake. Wote wawili waliniambia walikuwa wameshaamua kuacha. Jumamosi iliyofuata mwalimu mkuu akawapigia wao, siyo klabu: saruji iko wapi? Wakaenda. Wakawa wanakwenda.

Wengine 16 waliombwa kuchangia tangi hilohilo. Walichanga, majina yao yakasomwa, wakashukuriwa. Tangi hawakuliona isipokuwa kwenye picha.

Wazee na chakula chao

Nilipotoa maoni haya, upinzani ulitoka kwa wanachama wa siku nyingi, wengi wao wafanyabiashara wakubwa wa mjini. Nilikuwa nimependekeza chakula cha hoteli kiondolewe. Mzee mmoja akaniambia kwa upole kwamba yeye huja kwa ajili ya wenzake, kazi ni matunda tu ya urafiki. Historia iko upande wake. Paul Harris, wakili aliyeanzisha Rotary Chicago tarehe 23 Februari 1905 pamoja na mhandisi wa migodi, muuza makaa ya mawe na fundi cherehani, alikuwa mpweke katika jiji kubwa na alitaka marafiki. Walikutana kwa zamu kwenye ofisi zao, na ndipo jina la Rotary, lenye maana ya kuzunguka, lilipotoka. Huduma ilikuja baadaye, na ya kwanza kabisa, mwaka 1907, ilikuwa kupigania vyoo vya umma katikati ya jiji. Choo! Nilipenda sana kuwakumbusha hilo watu wanaovaa suti.

Kwa hiyo chakula hakikuondolewa. Kilibaki mara moja kwa mwezi, kwa anayetaka, na asiyekula halipi. Nadhani ni uamuzi bora kuliko pendekezo langu. Urafiki wa wazee wale ulikuwa wa kweli. Kasoro yake ni kwamba ulikuwa umeshakamilika, wenyewe wanakaa meza moja miaka yote na mgeni hana pa kuingilia. Tangi lilifungua mlango kwa sababu begani mwa mtu mwenye mfuko wa saruji hakuna wa zamani wala mpya.

Walichobadilisha

Vikao vikawa viwili kwa mwezi, na cha pili kilihamishiwa kwenye kazi yenyewe, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, ambayo maduka mengi huchelewa kufunguliwa na mfanyabiashara hapotezi mauzo. Ilikuwa hatua nzuri, ila ikaumiza upande mmoja: Kanda ya Ziwa ina Wasabato wengi, na wawili katika wanachama walikuwa hao. Jumapili isingewezekana kwa wengine. Wakaona wawape hao wawili ufuatiliaji wa shule siku za kazi, kukagua mabomba na kuongea na mwalimu. Mmoja ameridhika. Mwingine anasema anafanya kazi peke yake kama mkandarasi, na ana haki ya kulalamika. Suluhisho hilo bado ni bovu.

Lugha ya kikao ikawa Kiswahili, Kiingereza kikibaki kwa mgeni wa nje. Hili halikuleta ubishi wowote, jambo lililonishangaza. Kumbe hata wazee walikuwa wakijilazimisha.

Ada hukusanywa kwa simu kila mwezi, au wakati wa giza kwa wale wa Mwaloni, na klabu huanza kuweka akiba ya sehemu ya makao makuu tangu Januari ili Julai isiwakute. Mweka hazina analalamika kwamba kazi imeongezeka mara nyingi. Ni kweli imeongezeka. Nilimwambia atafute msaidizi katika wapya.

Beji sasa haitolewi mpaka mtu awe amefika kwenye kazi Jumamosi kadhaa akiwa mgeni tu. Wapo waliokuja mara moja wakaona mlima, hawakurudi, na klabu haikupoteza kitu wala kufuta jina la mtu.

Lililozua mjadala mrefu ni la aliyekuleta. Kanuni mpya inasema mwanachama akikosa mara mbili bila taarifa, aliyemleta anakwenda kwake kwa miguu yake. Simu haihesabiwi, ujumbe hauhesabiwi. Asipokwenda, faini ni ya aliyemleta. Klabu hizi zina desturi ya faini za utani, unatozwa kwa kuvaa tai ya rangi mbaya, kwa hiyo wengine walidhani na hii ni ya utani. Haikuwa. Wa kwanza kutozwa alikuwa yule rais aliyepewa cheti, kwa kuwa ndiye aliyewaleta wengi. Alilipa, akaanza kuzunguka: Nyegezi, Pasiansi, Mkolani. Katika wale 11 waliopotea kimya, wanne wamerudi. Waliobaki walimpokea vizuri, wakamkaribisha chai, wakakataa.

Mama wa dagaa ni mmoja wa waliokataa. Alisema vikundi alivyonavyo vinamtosha. Lakini aliuliza shule iliyofuata ni ipi, akaambiwa, akasema kuna binti yake ana nafasi siku za Jumamosi. Binti yumo, anatunza funguo za stoo ya vifaa, na beji bado hajavishwa.

Kuna suala ambalo halijaisha. Lengo la idadi linaendelea kuja kutoka juu kila Julai, na rais anayeingia hupimwa kwa hilo. Rais wa sasa, mama wa makamo anayeendesha duka la dawa, aliandika wanachama wapya watano kwenye fomu yake. Aliulizwa na wakubwa kama amekosea kuandika, pengine alimaanisha 15. Akajibu kwamba ana watu watano tu wa kuwapa kazi mwaka huu, shule ya pili inahitaji mafundi na watunza hesabu wa idadi hiyo, na wa sita atakaa kwenye kiti. Wazee wawili katika kamati wanaona amejishusha mno, na kwamba klabu jirani itaonekana imewapita. Mimi naona kama kuna kosa, ni kwamba hata watano ni wengi kwa mlima mmoja.